Fuwele za Mtongwe

"Mzigo wa mawe ya ng'ambo umetoka bohari ya Chaani. Usimpoteze aliyeubeba."

Simu ikakatika. Quinter, mpelelezi wa usalama, akaitia Nokia yake mfukoni na kuongeza mwendo.

Mbele yake Absalom alikuwa amekumbatia sanduku la bati. Fundi wa boti kule Mtongwe, jirani na kambi ya wanamaji. Fundi wa boti ana haja gani na mawe ya ng'ambo?

Absalom aliingia mkahawani, akaketi karibu na jiko la makaa. Quinter akaketi mbele yake.

"Hujambo, fundi. Umebeba nini?"

"Vioo tu, dada. Mapambo ya hoteli za Shanzu."

"Nionyeshe."

Alisita. Mdomo wa bastola ya Quinter ukamgusa goti chini ya meza.

Akafungua.

Fuwele nyeusi, nyembamba kama kalamu. Quinter alichukua moja, akaiweka kwenye ukingo wa jiko. Akangoja, kisha akaisogeza juu ya majivu.

Majivu yaliruka, yakaigandama.

"Kioo hakifanyi hivyo," alisema. "Hizi ukizipasha moto, zinazaa umeme. Ukizigandamiza, vilevile. Mkizizamisha baharini, meli ikipita, mawimbi yake yanazibana, nanyi mnasikia kila manowari inayotoka. Hata betri hazitaki."

Absalom alivuta sanduku karibu.

"Mitambo yetu ya ukaguzi hutafuta betri. Nani alikwambia siri hiyo?"

Jicho la Absalom lilikimbilia dirishani.

Nje palikuwa na gari jeupe aina ya Probox. Kwenye usukani, Nicanor. Nicanor wa idara yake mwenyewe, aliyeinunua mitambo hiyo. Asubuhi aliaga kwamba anakwenda Nairobi.

Quinter akabonyeza redio, akamwita mwenzake aliyekuwa akingoja nje na lori.

"Kadenge, zuia Probox."

"Ile ya Nicanor? Mwenzetu?"

"Zuia!"

Probox ilinguruma. Lori la Kadenge likarudi kinyumenyume, likaziba njia. Breki zikalia.

"Ziko ngapi majini?" Quinter aliuliza.

"Nne," Absalom alinong'ona. "Chini ya gati la zamani. Aliniahidi hamtaziona kamwe."

Quinter alimfunga pingu, akatoka naye hadi kwenye Probox.

"Quinter, hebu tuzungumze," Nicanor alisema, mikono juu. "Tumekula sahani moja miaka sita."

"Shuka."

Saa sita mchana, Nicanor na Absalom wakiwa tayari kizuizini, redio ya Quinter ilikoroma. Wapiga mbizi wa Mtongwe.

"Zote nne ziko nchi kavu. Na waya uliokuwa ukipeleka ishara zake nchi kavu tumeukata."

"Vizuri."

Alizima redio, akavaa miwani ya jua na kushika njia ya Changamwe kwa miguu.

Hakugeuka nyuma.