Kadi Iliyosema Baridi

Kila siku saa tisa alasiri, akitoka shule, Chiriku aliingia jumba la makumbusho ya michezo kwa mlango wa nyuma, akatundika mkoba msumarini na kuchukua kasha la kadi. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini tangu ajue kuongea hakuwahi kunyamaza, basi hilo la ndege ndilo lililomganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na fundi wa jumba hilo alikuwa shangazi yake.

Halikuwa jumba la kutembea mikono nyuma. Mlangoni paliandikwa: "Tafadhali gusa." Chumba cha kwanza kilikuwa na gololi, pia za kuzungusha, karata na magari ya waya. Cha pili kilijaa mashine za michezo zilizotengenezwa nchini tangu enzi za ujana wa babu zetu, na kila moja ilichezeka. Shangazi hakutaka kusikia habari ya mchezo wa kutazamwa tu kwenye kioo.

Mashine hizo zilikuwa kuukuu, nazo zilitunzwa kama wagonjwa. Kila moja ilifanya kazi dakika arobaini, ikazimwa dakika ishirini. Ikishazimwa ilifunikwa shuka la kijivu, na mapumziko yakiisha Chiriku akaandika kwenye kadi yake neno moja kati ya matatu: baridi, vuguvugu au moto. Huwezi kulijua neno hilo mpaka uweke mgongo wa kiganja ubavuni mwa mashine. Shuka nalo lilikuwa na maana moja tu: imelala, usiiguse.

Pembeni kabisa ilisimama kongwe kuliko zote, sanduku la mbao lenye kioo kidogo na vitufe vinne. Mchezo wake uliitwa Kivuko. Ulivusha watu mto wenye mamba, safari ishirini. Aliyeutunga alikuwa mwalimu wa hesabu, wakati huo msichana, sasa mstaafu mwenye mvi. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Ile ikifa, mchezo wa kwanza wa nchi nzima umekufa nao.

Jumatatu Chiriku alifika safari ya kumi na saba, mahali ambapo hata shangazi hakuwahi kufika. Papo hapo kengele ya mapumziko ikalia. Mashine ile haikujua kuhifadhi chochote. Ukiizima, unaanza safari ya kwanza. Chiriku alitupa jicho kulia na kushoto. Shangazi alikuwa karakanani ameinamia waya. Basi yule mtoto akalitwaa shuka, na badala ya kuzima, akajifunika humo pamoja na mashine. Kwa mbali ungeapa kwamba imelala.

Ndani ya shuka mlikuwa na joto la kukatisha pumzi. Lile shuka lilikuwa limeziba matundu yote ya nyuma, yale ya kupitishia hewa. Chiriku alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo alijifanya hajui. Mamba walimla safari ya kumi na nane. Akatoka jasho likimchuruzika, akaandika kwenye kadi: "Baridi."

Jumanne alirudia. Jumatano pia. Alhamisi mstari mweupe ulikatiza kwenye kioo ukitetemeka, na mashine ikaanza kuvuma kwa sauti nzito, kama mtu anayekoroma kwa shida. Chiriku alikiweka kiganja ubavuni, akakirudisha upesi. Mbao zilikuwa moto. Aliishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika neno lile lile la jana.

Ijumaa, Chiriku alipokwisha kurudia yale yale na kuandika tena "Baridi" huku mbao zikichoma, binti wa shangazi, aliyeitwa Kobe kwa jinsi asivyokuwa na haraka na lolote, alisimama katikati ya chumba akinusa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni rangi ya mlango," Chiriku alisema bila kumtazama. "Wamepaka juzi."

"Rangi hainuki hivi. Wewe una nini lakini? Tangu jana huongei, mpaka masikio yangu yamepumzika."

"Sina kitu."

Jioni hiyo shangazi alipitia kasha la kadi, akatia sahihi chini ya kila moja kama alivyofanya kila Ijumaa. Alipofika kwenye kadi ya Kivuko alitabasamu.

"Angalia huyu ajuza! Wiki nzima baridi. Ana afya kuliko mimi. Kesho yule mwalimu mstaafu analeta watoto thelathini wa darasa la pili. Nilitaka kuipumzisha mashine katikati ya ziara, lakini kwa kadi hii nitaiacha asubuhi nzima. Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

Chiriku akaitikia kwa kichwa na kwenda kuchukua mkoba. Njiani alijiambia mara kumi kwamba kesho mashine itakuwa imepoa.

Jumamosi saa tatu mashine iliwashwa. Saa tatu na robo watoto walikuwa wamekaa sakafuni wamebanana hadi mlangoni. Mwalimu mstaafu, bibi mfupi mwenye miwani minene, aliwachezea mchezo aliouunda kwa mikono yake, nao wakapiga kelele kila mamba alipofunua kinywa. Shangazi alisimama nyuma yao, ameridhika. Chiriku hakuwa akiona mamba. Aliuona mstari mweupe. Ulikuwa mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu, na ule mvumo ulizidi kuwa mzito bila mtu kuujali. Dakika ya arobaini ilipita. Ya hamsini nayo ikapita. Harufu ikaja, kidogo kwanza, halafu kali.

Mtoto mmoja mdogo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye sanduku. Akajisogeza, akajipapasa bega.

"Mbona hapa panachoma?" aliuliza, wala hakuna aliyemsikia isipokuwa Chiriku.

"Shangazi, zima!" Chiriku alipiga ukelele. "Zima umeme! Mashine si baridi, haijawahi kuwa baridi!"

Shangazi hakuuliza swali. Aliruka hadi ukutani, akashusha swichi kuu, na chumba kizima kikanyamaza. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda nyuma ya sanduku. "Nje wote, polepole, shikaneni mikono," alisema mwalimu, na Kobe, ambaye siku hiyo hakuwa kobe hata kidogo, akawaongoza watoto uani.

Shangazi alifungua kifuniko cha nyuma. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana. Ubao wa ndani ulikuwa mweusi, doa pana kama sahani. Aliligusa kwa kidole, na ubao ukameguka.

"Dakika tano zaidi," alisema taratibu, "moto ungetoka hapa. Na mlango wa chumba hiki ni mmoja." Akamgeukia Chiriku. "Nieleze."

Chiriku alieleza yote, tangu safari ya kumi na saba, akilia kwa kwikwi. Hakuruka shuka, wala rangi ya mlango. Shangazi alisikiliza akiwa amekunja uso, na hasira yake haikuwa ya mchezo.

"Kucheza ni kosa dogo, ningekufokea tukamaliza," alisema. "Lakini mashine haina mdomo. Kadi ndiyo inayoisemea. Wewe uliandika uongo, mimi nikauamini, na kwa uongo huo nikawakalisha watoto thelathini mbele ya moto. Mtu akikuamini, neno lako linaamua yeye afanye nini. Ndiyo maana tunasema kweli, hata ikituaibisha."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameinama ndani ya sanduku na tochi. "Kumbukumbu ya mchezo haijaungua," alisema hatimaye. "Kikubwa kilichokufa ni kifaa cha umeme na nyaya zake. Tutaviunda vingine."

Kazi hiyo ilichukua wiki tano. Muda wote huo Chiriku alifagia na kupangusa, kadi hakuzigusa. Siku Kivuko kilipowaka tena, kioo safi bila mstari, aliiomba kadi ya zamani aichane.

"Hapa hatuchani kitu," alisema shangazi. "Hiyo nayo ni historia ya mashine. Andika kweli pembeni, na tarehe ya leo."

Chiriku aliandika: "Siku tano niliandika baridi. Jumatatu hadi Jumatano sikuipima. Alhamisi na Ijumaa ilikuwa moto, nami nilijua." Akaweka jina lake kamili.

Shangazi alisoma, akainyoosha mikono yake iliyochakaa kwa kazi, akaitazama ile sahihi yake ya Ijumaa chini ya kadi. Kisha akachukua kalamu ile ile na kuandika chini ya maneno ya mtoto: "Nami fundi nilitia sahihi bila kuigusa mashine hata mara moja."