Makohozi ya Kuazima

Fundi mwashi mmoja alipeleka zahanati makohozi ya shemeji yake, akasema ni yake. Alitaka kazi. Ndiyo habari yenyewe, ndugu zangu, na sitaizungusha.

Kabla ya hapo nyumba yao ilikuwa na raha. Vyumba viwili tu. Kimoja cha mwashi na mkewe, kingine sebule ambayo usiku ilikuwa malazi: binti yao mdogo kitandani, mjomba wake chini kwenye godoro. Mjomba huyo, kaka wa mke, alikuwa kuli wa sokoni, na watu walimwita Winchi kwa jinsi alivyonyanyua magunia. Jioni binti alimpanda mgongoni, akamwendesha kama pikipiki huku akimpigia honi, nyumba nzima ikacheka.

Basi mwashi akapata kazi kiwanda cha mikate, upande wa tanuri. Kazi ya mshahara, si ile ya kuzunguka mitaani kuuliza nani anajenga. Sharti lilikuwa moja: apimwe kwanza kifua kikuu. Roho ikamruka. Vumbi la saruji lilikuwa limemwachia kikohozi cha miaka. Muuguzi wa zahanati akampa kikopo chenye kifuniko.

"Kesho ukiamka, kohoa kutoka ndani kabisa, uniletee. Sitaki mate."

Asubuhi akamfuata Winchi uani, akamkuta anapiga mswaki.

"Shemeji, nisaidie. Temea humu."

"Humu? Kwani mimi bomba?"

"Wewe mzima. Kifua changu unakijua. Nikipeleka ya kwangu, kazi imekwenda."

Winchi akacheka, akakohoa mara moja, kikopo kikapata cha kutosha. "Haya, chukua. Lakini mkate wa kwanza wangu."

Hapo mwashi alipaswa kushtuka. Mtu asiye mgonjwa hatoi makohozi mazito namna ile kwa kikohozi kimoja. Wala hakujiuliza kwa nini siku hizi suruali ya shemeji yake ilifungwa kwa kamba. Alikuwa haoni kitu ila tanuri.

Siku ya majibu alikwenda na shati lililopigwa pasi. Muuguzi akafunga mlango.

"Baba, una kifua kikuu. Usiogope. Dawa zipo, na ukizimaliza utapona."

Mwashi akaona njia ya mkato: aende zahanati nyingine, apeleke makohozi yake mwenyewe, Jumatatu aanze kazi, na haya yote ayafukie. Nani angejua? Kisha akamkumbuka binti yake, shavu lake limelala juu ya mgongo ule unaokohoa.

"Dada, yale si yangu."

"Si yako vipi?"

"Ya shemeji yangu. Niliazima."

Muuguzi akavua miwani. "Watu wanaazima sufuria, wanaazima ngazi. Wewe umeazima makohozi?"

"Ndiyo."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Sokoni. Anabeba magunia."

"Kamlete. Mkeo na mtoto pia. Lakini huondoki kabla hujapimwa. Toka pale nje penye hewa, ukohoe mimi nikikutazama."

Alipoambiwa nyumbani, Winchi alikuja juu. "Mimi mgonjwa? Umekosa kazi, sasa unanisingizia?"

Mwashi hakubishana. "Vua shati, dada yako akuone."

Akavua kwa jeuri. Mkewe mwashi akashika mdomo. "Kaka, hizi mbavu ulikuwa unazificha wapi?"

Winchi akakaa chini. Akakiri kwamba usiku shuka lilikuwa linalowa jasho, na kwamba alikwisha kutema damu, akajiambia ni mswaki umemchubua.

Wote wakaenda zahanati. Majibu ya mwashi yakatoka: mzima, vumbi tu. Mke mzima. Binti hakuwa mgonjwa, ila alipewa dawa za kinga. Lakini kufikia siku hiyo tanuri lilikuwa limeshapewa mtu mwingine. Mwashi akaenda kwa msimamizi wa kiwanda, akamweleza yote bila kutia sukari.

"Nafasi imekwenda," msimamizi alisema. "Ikipatikana nyingine nitakuita. Wewe ukiunguza mikate utasema, hutaificha."

Na kweli, baadaye alimwita.

Winchi alimeza dawa miezi sita, dada yake akimsimamia kama askari jela. "Fungua kinywa. Inua ulimi. Haya, nenda." Siku muuguzi alipomwambia amepona, alimbeba binti mabegani toka zahanati hadi nyumbani, honi ikilia njia nzima, na majirani waliokuwa wameanza kumkwepa kwa ugonjwa wake wakatoka milangoni kutazama.

Kiwanda kilipotafuta mpakiaji wa mikate, Winchi akaenda kupimwa. Muuguzi akamnyooshea kikopo.

"Hiki changu mwenyewe," Winchi alisema. "Siazimi, siazimishi."

Asubuhi ya kwanza Winchi alipofika kazini na koti jeupe, kofia hadi kwenye nyusi, mwashi alivuta trei ya kwanza kutoka kwenye tanuri, akampa mkate.

"Wako huo."

"Umechelewa, shemeji," Winchi akasema, akiurusha mkono hadi mkono. "Lakini bado wa moto."

FUNZO

Msije mkasema uongo ndio uliomwokoa Winchi. Uongo ungemwacha afe na kicheko chake. Kilichomwokoa ni mwashi kufungua mdomo mbele ya muuguzi akijua kazi inamponyoka. Kifua chako kipimwe kwa makohozi yako. Majibu mabaya yana dawa, majibu ya kuazima hayana. Na mtu wa nyumbani mwako akianza kufunga suruali kwa kamba, usisubiri aseme yeye.

Gharama yenyewe hii hapa. Mwashi alirudi kuchanganya saruji miezi minne. Binti alimeza vidonge ambavyo asingevimeza kama mjomba angepimwa mapema. Winchi amebaki na kovu kwenye pafu moja. Magunia hanyanyui tena. Anabeba mikate, trei moja kwa safari, na katikati ya safari anasimama kupumua.