Kocha na Fundi wa Meno

Jumamosi ile duka la vitabu lilifurika wazazi wanaogombea madaftari, na Kocha akajua hakuna atakayemwona. Akatupa jicho kushoto na kulia, akainama, akazichomoa nakala tano za kitabu chake kwenye rafu ya chini kabisa, zilikobanwa nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku, akaanza kuzipanga juu ya meza ya vitabu vinavyouzwa sana.

"Samahani, dada, unafanya kazi hapa?"

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, nyusi zimejaa vumbi la plasta kana kwamba amezeeka nyusi tu.

Wakurugenzi wa mabenki walikuwa wakimlipa Kocha awafundishe kusema ukweli. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu uongozi, na alikuwa na hisa katika kampuni changa saba. Akajibu, "Ndiyo, kaka. Karibu."

"Nina wafanyakazi wawili. Nikiwagombeza, wanacheka. Nipe kitabu cha kunifanya niogopwe."

"Cha kuogopwa kimekwisha. Kuna hiki cha kusikilizwa." Akampa chake.

"Kizuri?"

"Mimi nimekisoma mara nyingi mno."

"Kikiwa kibovu nitamlalamikia nani?"

"Mimi," akasema Kocha, na kabla akili haijamrudia alikuwa ameshamtajia namba ya simu.

Jumatatu mchana simu ikalia.

"Muuza vitabu, nimefika ukurasa wa arobaini. Mwandishi anasema kiongozi aamke saa kumi alfajiri. Hana mume wa kumvutia shuka?"

"Hana."

"Ndiyo maana."

Kocha akaangua kicheko hadi katibu wake akachungulia mlangoni, kwa kuwa miaka yote aliyomfanyia kazi hakuwahi kukisikia.

Simu zikawa za kila siku, kisha chai, kisha matembezi ya jioni. Yule bwana alikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ilikuwa ghorofani, na chini yake ilikuwa kliniki ya dada yake mkubwa, daktari wa meno. Siku moja akampandisha Kocha huko juu. Mataya ya plasta yalijipanga mezani, kila moja na jina la mwenyewe kwa penseli. Fundi alikuwa amelishika jino la bibi mmoja, analipaka doa dogo la manjano kwa brashi nyembamba kama unywele.

"Mbona unalichafua?"

"Wenzake wana umri, mpenzi. Likiwa jeupe peke yake litamsuta kila akicheka."

Moyo wa Kocha ukalainika hapo hapo. "Lazima nikwambie kitu. Mimi siuzi vitabu."

"Najua. Picha yako iko nyuma ya jalada. Nilikuwa nangoja uchoke kudanganya." Akaweka brashi chini. "Ijumaa twende tukale. Nina jambo kubwa la kukuomba."

Kocha alikuwa ameombwa mambo makubwa na watu wengi, na yote yalikuwa mtaji. Akajifungia siku nne akiandika, kwa mapenzi yake yote, mpango wa kurasa arobaini: matawi sita, mashine mpya, hata nembo.

Ijumaa, Fundi alikuwa ameketi hotelini ndani ya suti ya kijivu, hana hata punje ya plasta. Pembeni yake alikuwepo dada yake, gauni la kijani, shada la maua mapajani. Kocha akaingia na gauni jekundu, na nyuma yake bwana mmoja mwenye mkoba.

"Huyu nani?" akauliza Fundi.

"Mwanasheria wangu. Kwa ajili ya jambo letu."

Fundi akakunjua uso. "Mwanasheria, hata kabla ya posa?"

"Posa gani?" akauliza Kocha. Karatasi zilikuwa zimeshatua mezani.

Daktari akasoma kwa sauti: "'Fursa: fundi mwenye kipaji asiyejua thamani yake.'"

"Mimi nimekuja na dada yangu akuone," akasema Fundi taratibu. "Wewe umekuja kuninunua."

"Si kukununua! Kukukuza!"

"Nimeshakua."

Akainuka, akaenda zake, dada yake akafuata na maua yake. Mwanasheria akauliza kama bado wangekula.

Wiki mbili simu ya Fundi iliita bila kupokewa. Siku moja mkurugenzi wa benki alimuuliza Kocha, "Nimemkosea mtu ninayemhitaji. Nifanyeje?" Kocha akafungua mdomo atoe hatua tano za sura ya saba, badala yake akalia. Mkurugenzi akampa leso. "Mimi naweza kuja wiki ijayo," akasema kwa upole.

Ikafika siku ya kuzindua kitabu chake cha pili. Asubuhi, akijaribu jukwaa, aligeuka kwa haraka, kipaza sauti kikamgonga mdomoni. Jino la mbele likakatika. Watu mia tatu wangefika saa tisa. Kocha akaziba mdomo kwa mtandio, akakimbilia kwa daktari pekee aliyemfahamu.

"Haya, wifi wa makaratasi, fungua," akasema dada yake Fundi. Akatazama. "Nitalipachika mimi. Ila wa kulitengeneza yuko juu. Panda ukamwombe mwenyewe."

Akapanda. Fundi hakuinua kichwa.

"Thamahani," akasema Kocha.

Fundi akageuka polepole. "Unasemaje?"

"Nimekuja kuthema thamahani. Nilikothea thana. Thikukuthikiliza."

Wafanyakazi wawili wakazama chini ya meza. Fundi akauma mdomo.

"Uthicheke!"

"Sicheki. Endelea."

"Kila ninachokipenda nakitafutia mpango." Machozi yakamlengalenga. "Naogopa nikikiacha kilivyo, kitaondoka. Na wewe umeondoka vilevile."

Fundi akamsogeza dirishani, akamwinua kidevu, akaitazama rangi ya meno yake kwenye mwanga wa mchana, bila haraka.

"Nenda kwa Dada akuchukue kipimo," akasema. "Mimi siondoki."

Saa nane jino lilikuwa mahali pake, na Fundi ameshuka kulikagua.

"Tujaribu herufi. Sema 'sitini na sita'."

"Sitini na sita."

"'Sisi'."

"Sisi."

"Vizuri." Akajikuna kisogo. "Sasa swali. Utakubali nikuoe?"

Kocha, aliyekuwa na hotuba ya saa nzima kichwani, akaligusa jino kwa ncha ya ulimi.

"Linauma?" akauliza Daktari. Kocha akatikisa kichwa. "Basi mjibu, wagonjwa wananingoja."

"Nakubali."

Fundi akakunja uso kitaalamu. "Neno hilo halina s. Sijapima kitu."

"Nakubali sana," akasema Kocha, na s ikatoka safi, haina hata chembe ya upepo.