Mkono Uliompapasa Telon

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya miti ya misaji Warsini aliporudi kutoka dukani, mkononi ana samaki wawili wa kuchemshwa kwa chumvi, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuwanunua ili ale yeye. Walikuwa wa paka.

"Hali kitu cha maana yule tangu mama yako azikwe," Darmi, jirani yake, alimwambia asubuhi hiyo. "Akikufia mikononi, watu watapata la kusema. Hata paka wa mamake kamshinda!"

Ndivyo alivyokuwa Darmi, ulimi wake pilipili. Lakini ndiye aliyemwosha marehemu, na ndiye aliyemfunga sanda. Warsini hakuwepo. Alikuwa Hong Kong, mwaka wa kumi na tisa huo, akimtunza bibi wa watu: akimwogesha, akimchana nywele, akimsugua mgongo mpaka usingizi umchukue. Na mama yake mwenyewe, Bibi Kasinem, au Mbah Kasinem kwa wanakijiji, alifia huku kijijini Gunungkidul, katika nyumba ya mbao yenye jiko la kuni uani, bila mtoto wa kumshika mkono. Aliyekuwa kando yake roho ikitoka ni Telon tu, paka jike wa rangi tatu.

Warsini alifika siku ya arobaini. Sasa ilikuwa wiki ya pili, na Telon hakumtaka.

Si kwamba hakujaribu. Kila alipomwekea kiganja, ngozi ya mgongo wa paka ilichezacheza, kama ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi. Masikio yalilala nyuma. Mkia ulipiga sakafu, pa, pa. Akiendelea, meno. Mkono wa kulia wa Warsini ulikuwa na mikwaruzo minne mibichi.

"Wewe hujui anapopenda kushikwa," Darmi alimcheka. "Mama yako alianzia kwenye paji la uso, akashuka na mgongo polepole mpaka kwenye shina la mkia. Hapo anampiga viganja viwili vidogo, tap, tap. Basi huyo! Makalio juu, mkia wima, anakoroma mpaka namsikia kwangu. Kila magharibi, kwenye kitanda cha mianzi pale jikoni. Miaka kumi na mmoja, mwenzangu. Utamweza?"

Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika Warsini alipofika uani. Alinyoosha mkono kusukuma mlango wa jiko.

Akasikia mkoromo.

Mzito. Wa raha. Unapanda na kushuka...

Alitabasamu kwanza. Alidhani Darmi amemtangulia, ameingia kumbembeleza paka. Akasukuma mlango.

Ndani hapakuwa na mtu. Mafiga yalikuwa baridi. Lakini palinukia mafuta ya nazi, yale yaliyoungua kidogo ambayo mama yake alijipaka nywele maisha yake yote.

Telon alikuwa juu ya kitanda cha mianzi, macho nusu yamefumba, anakandakanda mkeka kwa makucha. Manyoya ya paji lake yalikuwa yamelala bapa. Kisha yale ya shingo yakalala. Kisha ya mgongo... taratibu, kama majani yanavyolala mtu akiburuta mkeka juu yake. Bonde dogo lilishuka mpaka kwenye shina la mkia.

Likasimama.

Manyoya yakabonyea mara mbili.

Tap. Tap.

Telon akanyanyua makalio, mkia wima, akainua uso kumtazama aliyekaa mbele yake.

Hapakuwa na aliyekaa mbele yake.

Samaki walimponyoka Warsini. Alikimbia hadi kwa Darmi bila viatu.

Darmi alikuwa barazani anamenya mihogo. Alimtazama mara moja tu, kisu kikasimama.

"Umeona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Dada Darmi, mle jikoni..."

"Kaa chini. Kaa, nimesema."

Alimpa maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyekunywa kwanza.

"Siku ile mama yako alikata roho alfajiri," alianza kwa sauti ya chini. "Tukamlaza chumba cha mbele. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, wanawake wakaenda kuteka maji. Nikabaki peke yangu naye. Unajua paka haachwi karibu na maiti; akimruka, maiti huinuka. Nilimfunika Telon kwa tenga la kuku, juu nikaweka jiwe. Nikafumba macho kidogo, Sini. Kidogo tu. Sikuwa nimelala siku tatu."

Aliokota muhogo, akaurudisha chini.

"Nilipofumbua, yuko hewani. Anamruka mama yako kifuani. Akatua upande wa pili, akageuka, akaanza kujisugua kichwa kwenye ubavu wa maiti, kama anavyofanya akitaka kukunwa."

"Halafu?"

"Halafu mkono ukainuka."

Kule misajini ndege mmoja alilia, akanyamaza.

"Ukamshika paji," Darmi alinong'ona. "Ukashuka na mgongo wote. Ukampiga mara mbili. Kisha ukaanguka. Tulipomfunga sanda, mkono huo haukunyooka tena. Kiganja kilibaki kimepinda hivi. Wenzangu walidhani ni baridi yabisi. Sikumwambia mtu."

"Mimi je? Mbona hukuniambia mimi?"

"Nikwambie nini kwenye simu? Na wewe ulishaniambia bosi wako kakunyima ruhusa. Ningekuongezea uchungu wa nini?"

Warsini aliinamisha kichwa. Hakunyimwa ruhusa. Hakuomba.

"Usiingie mle saa ile," Darmi alisema. "Labda ni yeye, hajajua kama amekufa. Labda si yeye. Mimi sijui. Ila usiingie."

Warsini alilala kwa Darmi usiku huo, lakini usingizi haukuja. Hakuwa anawaza mzimu. Alikuwa anahesabu: mara ya mwisho mama yake kumshika kichwa ilikuwa lini? Alikumbuka kituo cha basi siku alipoondoka, kiganja kimoja kikimpitia nywele kwa haraka, kondakta akipiga kelele. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Tangu hapo alishika vichwa vya wengine. Cha kwake hakuna aliyekishika.

Kesho yake, magharibi ikikaribia, aliingia jikoni.

Alimbeba Telon akamtoa nje, akafunga mlango. Akajilaza juu ya kitanda cha mianzi, palepale, magoti tumboni. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa bado haijaja.

Akasubiri.

Adhana ikaanza. Ikaisha.

Ikaja harufu.

Mianzi ililia karibu na kichwa chake, kama mtu mwepesi ameketi. Kisha kitu kikavu, baridi kama jiwe la mtoni, kikamgusa paji la uso. Kikatulia hapo. Kikaanza kushuka. Juu ya nywele... kwenye kisogo... Warsini alifumba macho, machozi yakamtoka yenyewe. Kidole cha shahada kilikuwa na ile sugu ya mama yake, ya miaka ya kushika kisu cha mihogo. Alikuwa yeye. Wallahi alikuwa yeye!

Lakini mkono haukuishia kwenye kisogo. Uliendelea. Ulishuka uti wa mgongo, pingili kwa pingili, mpaka mwisho kabisa.

Ukampiga mara mbili.

Tap. Tap.

Ukarudi kwenye paji, ukaanza upya. Ulikuwa unampapasa paka.

"Mama," Warsini alisema. "Ni mimi. Sini."

Mkono ukasimama.

Taratibu ukamgeukia usoni. Ukamgusa nyusi, pua, midomo, kidevu. Ulirudi kwenye midomo, ukakawia hapo, kama mtu anayetafuta kitu gizani na hakumbuki ni kitu gani.

"Sikunyimwa ruhusa, mama. Sikuomba. Niliogopa kuja kukuona umelazwa. Nikasema kama sijaona, bado nina mama. Nisamehe. Ongea nami. Hata unitukane, mama, nitukane tu..."

Vidole vikaondoka usoni pake.

Warsini alisubiri virudi. Kilichosikika ni kiganja kikipigapiga mkeka, hapa, kisha pale, kikitafuta. Na juu yake sauti ya mama yake, ndogo, iliyochoka, yenye upendo ambao haukumhusu yeye.

"Puuus... pus, pus, pus... Telon... uko wapi mama wee?"

Warsini aliinuka. Akaenda akafungua mlango. Telon alikuwa kwenye kizingiti. Alimwinua. Kwa mara ya kwanza paka hakumng'ata, alikakamaa tu kama kipande cha kuni. Alimpeleka, akamweka juu ya mkeka, mahali kiganja kilipokuwa kinapigapiga.

"Huyu hapa, mama," alisema.

Akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akaketi uani chini.

Haukupita muda, mkoromo ukaanza. Mzito, wa raha, unapanda na kushuka. Warsini alilia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia siku ile ya mazishi, mpaka Darmi akaja na taa.

"Nilikukataza! Nilikukataza, mdogo wangu." Akamkumbatia mabegani. "Haya, lia. Lia umalize."

Ndipo kitu laini kilipomgusa Warsini kwenye kifundo cha mguu.

Akatazama chini.

Alikuwa Telon. Alikuwa amepenya kwenye mwanya chini ya ubao wa ukuta, manyoya yote yamesimama, mkia umevimba kama brashi. Alipanda mapajani pa Warsini, akaficha uso kwenye kwapa lake, anatetemeka. Warsini alimwekea mkono kwenye paji, akashuka na mgongo. Ngozi haikucheza, wala makucha hayakutoka. Paka alijikandamiza kwenye kiganja chake kama mtoto mwenye homa.

Na alikuwa kimya kabisa.

Darmi aliinua taa, akautazama mlango wa jiko.

Ndani, mkoromo ulikuwa unaendelea.

"Sini," alinong'ona. "Kama Telon yuko hapa..."

Ndani mianzi ililia kwa nguvu, kama imebeba kitu kizito kuliko paka, kizito kuliko mtu. Kisha, taratibu, tap. Tap.

Warsini hakurudi Hong Kong. Anaishi kwa Darmi, na Telon hulala miguuni pake. Jiko halikubomolewa. Mafundi wawili waliitwa, wakaja, wakasimama uani kidogo, wakakumbuka wana kazi kwingine. Kila magharibi Darmi hufungua redio kwa sauti ya juu, muziki, mahubiri, chochote, mradi wasisikie mkoromo ule.

"Punguza, dada," Warsini humwambia kila mara. "Kidogo tu. Nataka nijue kama mama bado anaita."