Ubao Uliokuwa Mbali

Colombe alikuwa wa kwanza kuamka. Aliteka maji kwenye bomba la mtaa, akafagia uwanja, akamwamsha mdogo wake Agnès. Kisha wote wawili wakapanda kilima cha Kadutu, mtaa wao, kwenda shule. Baba yao, Stanislas, alikuwa fundi wa cherehani sokoni. Mama yao, Euphrasie, aliuza ndagala, yaani dagaa wakavu. Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya mbao na mabati, na kila aliyelala humo alijua kwamba Colombe ana akili.

Alikuwa darasa la sita. Mwalimu Polycarpe alimkalisha benchi la mbele, akasema huyu atafaulu mtihani wa masera. Masera walikuwa watawa wenye shule ya bweni ya wasichana, kule chini karibu na ziwa. Wasichana walikuja kujaribu kutoka kila upande, hata Luvungi na Mwenga, lakini vitanda vilikuwa vichache. Walioingia walisoma mpaka diploma. Walioachwa, wengi wao walirudi kushika jembe.

Siku ya mtihani Stanislas alifunga cherehani yake, akamsindikiza binti yake mpaka mlangoni. Miaka ile serikali ya Zaire ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, hivyo shuleni Colombe aliitwa Zawadi. Masera waliwapanga wasichana kwa herufi za majina. Zawadi akawa wa mwisho, nyuma kabisa.

Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo hesabu ziliandikwa ubaoni kwa chaki. Colombe alitazama, akaona ukungu mweupe. Akakunja macho. Namba zilikuja kidogo, zikapotea tena. Tatu na nane zilikuwa kitu kimoja. Alitaka kusema, lakini ukumbi ulikuwa kimya, na wenzake wote walikwisha kuinama wakiandika. Akajiambia kwamba kama wengine wanaweza, basi ubaya uko kwake. Akaandika namba za kubahatisha.

Majina ya waliofaulu yaliposomwa, jina la Zawadi halikutoka.

Stanislas alirudi nyumbani. Alipofika alikaa kwenye kiti, kofia bado kichwani.

"Ile nafasi yote iko ya batoto ya bakubwa," alisema. "Sisi banatuita tu kwa kujaza chumba."

Euphrasie alifikiri vingine. Aliamini jirani mmoja, mama Colette, amemloga mtoto kwa wivu. Akakataza watoto wasikanyage tena kwa mama Colette, ambaye alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Colombe mwenyewe aliamini jambo baya kuliko hayo yote. Aliamini kwamba akili yake ilikuwa ya uongo, na kwamba siku ile masera waliigundua.

Baba akasema shule imekwisha. Colombe akaenda sokoni kuuza ndagala. Wenzake wa zamani walipita na sare zao, naye hakuwasalimia. Wakasema amekuwa na majivuno. Kwa kweli hakuwatambua. Jioni kichwa kilimuuma, akalala ameelekea ukuta. Mwanzoni alilia. Baadaye aliacha kulia, akaacha na kuzungumza, na hapo ndipo mama yake alipoogopa.

Mwaka mzima ulipita hivyo.

Kisha muuguzi mmoja wa hospitali, Séraphine, akahamia nyumba ya jirani. Siku moja alikuja kumsalimia Euphrasie, akamkuta Colombe uwanjani akichambua mchele wa Luberizi. Pua yake ilikuwa karibu kugusa ungo. Séraphine alimtazama kwa muda. Kutoka pale kilimani ziwa lilionekana wazi.

"Colombe, ile mashua kule mu ziwa iko naenda upande gani?"

"Mashua gani, maman Séraphine?"

Agnès alicheka, akidhani dada yake anatania. Mashua ilikuwa kubwa, ina tanga jekundu. Séraphine hakucheka. Aliomba Stanislas aitwe, kisha akamwuliza Colombe habari za siku ya mtihani. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Hesabu nilijua," Colombe alisema polepole. "Ubao njo sikuonaka."

"Na juu ya nini haukusema?" baba aliuliza.

"Nilizani ni kichwa yangu njo haina akili."

Stanislas aligeuka, akatazama upande mwingine. Euphrasie akasema mtoto alilogwa.

"Mama Euphrasie, haiko bulozi," Séraphine alisema. "Ni macho. Macho inaweza kuwa zaifu, na miwani inaisaidia." Akaeleza kwamba mtoto asiyeona mbali hajijui, maana hajawahi kuona vingine. Benchi la mbele lilikuwa limeficha shida ya Colombe. Mzazi atazame: mtoto anakunja macho, anasogeza kitabu puani, kichwa kinamuuma akisoma. Asimpige, asimwite mjinga. Ampeleke akapimwe mapema.

Colombe alipimwa hospitalini. Miwani iliagizwa Kinshasa, ikachelewa sana. Ilipofika, Stanislas alimpeleka mara moja kwa masera. Masera mkubwa aliwasikiliza mpaka mwisho, akasikitika. Lakini shule ilikuwa na sheria ya umri, na Colombe alikuwa ameupita. Stanislas aliomba, akaomba tena. Sheria ilibaki pale pale.

Usiku huo Euphrasie alikwenda kwa mama Colette kuomba msamaha. Stanislas naye alimwendea mwalimu Polycarpe, akamweleza, na tangu hapo mwalimu alimpima kila mtoto kwa kumsomesha ubao kutoka benchi la nyuma. Colombe akaanza tena darasa la sita, pamoja na Agnès, kati ya watoto wadogo waliomshangaa.

Macho ya Agnès pia yalikuwa yameanza kupungua, na miwani yake ilikuwa bado haijafika. Kabla ya mtihani wake Colombe alimshika mabega.

"Kama hauone ubao, nyoosha mukono. Usisikie haya."

Agnès alinyoosha mkono. Masera mmoja alimhamishia mbele, naye akafaulu.

Siku ya kuingia shule Colombe ndiye aliyembebea godoro mpaka getini. Masera mmoja alilipokea, geti la nondo likafungwa. Agnès alivuka uwanja mpana na wasichana wengine. Alipofika mlango wa bweni aligeuka. Zamani Colombe angeona kivuli tu. Sasa, ng'ambo ya uwanja ule, aliona wazi uso wa mdogo wake, na furaha iliyokuwamo. Akampungia mkono, akashika njia ya kupanda Kadutu peke yake.