Alasiri Kumi na Tisa

Kila siku saa kumi alasiri msichana alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akamaliza kikombe cha chai kilichokwisha poa, kisha akaenda chumba cha mbele ambako babu yake alikuwa akimngoja. Babu alikuwa na miaka themanini na sita. Presha ya macho ilikuwa imemzima macho yote mawili, lakini masikio yalikuwa mazima. Alimtambua kila mtu wa nyumba ile kwa nyayo zake.

"Karani, umechelewa dakika sita."

"Nilipita msalani, Babu."

"Msalani ni dakika mbili. Hizo nne ulikuwa na nani?"

Babu ndiye aliyempa jina la Karani, na nyumba nzima ikalishika. Mtaani Babu mwenyewe aliitwa Mzee Futi, kwa sababu hakuwa na imani na kitu chochote ambacho hajakipima. Alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja kwa miaka thelathini na moja. Mama alisimulia kwamba siku ambazo Bibi alikuwa zamu kiwandani, Babu ndiye aliyewasuka nywele binti zake asubuhi, na mistari yake ilinyooka kuliko ya msusi yeyote. Mwaka uliopita alimwita seremala na kumpa vipimo vya jeneza lake. "Upana usizidi sentimita sitini na mbili," alimwagiza. "Mtakwama kwenye kona ya ukumbi, nami sitakuwapo kuwaelekeza." Bibi alimnunia siku mbili.

Kabla ya uhandisi, Babu alikuwa askari. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyejua zaidi ya hapo. "Miaka hamsini na minne nimelala ubavuni mwake," Bibi alikuwa akisema, "na hajaniambia hata vita vilinukaje."

Sasa daktari alikuwa amesema moyo umechoka. Babu akaomba daftari kubwa na mtu wa kuandika.

"Kuna mtu ananingoja," alimwambia Karani siku ya kwanza. "Mwenzangu mmoja alifia vitani mbele ya macho yangu. Aliacha binti mchanga, hajamwona baba yake hata mara moja. Mjomba wako amempata baada ya kutafuta sana. Nimemwahidi nitamwandikia jinsi baba yake alivyokufa. Sitaki apate maneno ya kupambwa. Ayapate kama yalivyokuwa."

Mjomba alishauri warekodi kwa simu. Babu akakataa. Simu ikifa, alisema, inakufa na vilivyomo. Karatasi hukaa.

Wiki ya kwanza Karani aliandika vizuri. Utoto, shule, mwalimu wa hesabu aliyekuwa na kofi la haraka. Kurasa kumi na moja zikajaa. Kisha hadithi ikaingia vitani, na Babu akaanza kusema polepole, akikaa kimya dakika nzima kati ya sentensi na sentensi. Karani alichoka kungoja. Mama alikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kupanga matofali. Karani aliilaza juu ya daftari, akazima sauti.

Babu hakuona. Karani aliparuza kalamu kwenye karatasi mara mojamoja, ili isikike.

"Umeandika?" Babu aliuliza.

"Nimeandika, Babu."

"Vizuri. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu."

Ikawa hivyo alasiri kumi na tisa. Siku nyingine sauti ya mzee ilitetemeka, siku nyingine alitoa leso. Karani alipanga matofali. Kila jioni aliulizwa swali lile lile, na kila jioni alijibu vile vile. Alijiambia kwamba Jumamosi atamwomba Babu arudie kidogo. Jumamosi zilikuja zikapita.

Alasiri ya kumi na tisa Babu alisema, "Basi, tumemaliza. Nimetua mzigo." Alitabasamu kama mtu aliyevua buti zilizombana. Asubuhi ya siku iliyofuata hakuamka.

Nyumba ilijaa watu. Seremala alileta jeneza, likapita kwenye kona ya ukumbi likiwa limebakiza nafasi ya kidole kila upande. Mjomba akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalazimika kuegemea ukuta.

Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikuwa na orodha mkononi: viti, maji, maturubai, gari. Kwenye orodha ile mlikuwa na daftari.

"Karani, nataka daftari la Babu kesho asubuhi. Wasifu wa marehemu unachapwa. Na binti wa yule rafiki yake yuko njiani. Ameanza safari kabla ya kupata habari za msiba. Atapata alichoahidiwa."

"Sawa, Mama."

Hapo ndipo angeweza kusema. Alikwenda nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, akaketi na daftari magotini. Baada ya zile kumi na moja za mwanzo, kurasa zilikuwa nyeupe, zina mikwaruzo tu. Akaanza kuandika alichokumbuka kutoka kwenye filamu. Aliandika kwamba Babu na wenzake walijenga daraja la kilomita mbili kwa siku moja chini ya risasi. Aliandika kwamba rafiki yake alipigwa risasi ya moyo, akafa papo hapo bila maumivu, akitabasamu.

Mjomba alisoma karatasi zilipotoka kuchapwa, nakala themanini. Alikunja uso. "Kilomita mbili kwa siku moja? Baba huyu huyu aliyekuwa akitaja mpaka milimita?"

"Acha uhandisi wako leo," Mama alimkata. "Alikuwa mzee, alichanganya. Gawa karatasi kesho, baada ya mazishi."

Mgeni alifika mchana ule, mama wa makamo ya miaka sitini, miguu imevimba kwa safari ya siku mbili. Alipowakuta watu wamekaa chini ya turubai alielewa. Alisimama getini na mfuko wake, hakuingia, hakutoka. Mama alimfuata, akampokea mfuko, akamkalisha chumba cha mbele, kwenye kiti kile cha Babu.

"Nimechelewa," mgeni alisema. "Siku moja tu."

"Hujachelewa, dada. Alimaliza kusimulia kabla hajaondoka. Mjukuu wake ameandika yote. Karani! Msomee mama mkubwa."

Karani alisoma. Alisoma haraka, macho hayakutoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye maneno "papo hapo bila maumivu", mgeni alifunika uso kwa viganja.

"Rudia hapo, mwanangu."

Akarudia.

"Mungu wangu. Mama yangu amekufa akiamini mumewe alilia matopeni siku tatu. Kuna mtu alimwambia hivyo, sijui ni nani. Mimi nimeota ndoto hiyo tangu nina miaka saba." Alimshika Karani mkono, akaubusu. "Umenipa baba yangu, mjukuu wangu. Nitayachonga maneno haya kwenye kaburi la mama yangu. Haya haya, kama ulivyoyaandika."

Mama aligeukia dirishani akapangusa macho. Kila mtu chumbani alikuwa amefarijika isipokuwa mmoja. Angenyamaza, mambo yangekwisha pale pale. Mkono wake ulikuwa bado mikononi mwa mgeni, umelowa machozi.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?"

"Hayo. Nimeyatunga."

Mgeni hakuuachia mkono mara moja. "Yote?"

"Ya vita yote."

"Kwa hiyo Mzee hakukwambia kitu?"

"Aliniambia. Siku kumi na tisa. Sikusikiliza, nilikuwa nacheza mchezo kwenye simu."

"Mchezo gani?"

"Wa kupanga matofali."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia na kuijua. Aliuweka mkono wa Karani juu ya paja la Karani mwenyewe, akachukua mfuko wake, akatoka. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Karani alingoja kofi. Mama alifunga mlango, akavuta kigoda, akaketi mbele yake uso kwa uso.

"Masikio yako yalikuwa chumbani humu siku kumi na tisa. Hata kwa ajali utakuwa umesikia kitu. Chukua kalamu. Andika ulichosikia wewe mwenyewe, neno kwa neno. Usichokisikia, acha nafasi tupu. Ukiongeza hata nukta, nitajua."

"Mama, ni vichache sana."

"Sikuuliza ni vingapi."

Ilichukua saa nzima. Karani alifumba macho, akarudi kwenye kila alasiri, na kila alipofika aliyaona matofali yanashuka. Sauti ya Babu ilikuwapo, lakini mbali, kama redio ya jirani. Mwishowe alipata mistari mitatu.

Walimkuta mgeni amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akingoja gari la kumrudisha alikotoka. Mama alisimama pembeni, akamwacha Karani asogee peke yake.

"Hiki ndicho nilichosikia kweli," Karani alisema, akasoma. "Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Alikuwa anakoroma mpaka wenzake wanamrushia buti. Na Babu alisema hivi: 'Nilimwambia ashike kamba, na aliishika.'"

"Aliishika mpaka lini?"

"Sijui."

"Jaribu, mwanangu."

"Hapo…" Karani alishusha karatasi. "Hapo nilikuwa nimefika hatua ya tisa ya mchezo. Nilifurahi. Nikaacha kusikia."

Gari moja lilipita, likawatimulia vumbi, wala si lile. Mgeni alipangusa vumbi usoni.

"Mkono wa kushoto," alisema hatimaye. "Mwanangu wa pili ni hivyo hivyo. Tulimpiga sana abadilike. Tuliona ni ukaidi, hatukujua ameutoa wapi." Alinyoosha mkono. "Karatasi hiyo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi hiyo nitaibeba." Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya nguo kifuani. "Ile nyingine ichaneni. Na usiniombe msamaha leo. Sina wa kukupa."

Hata hivyo hakupanda gari. Mama alimwambia bila kuzungusha maneno kwamba kaburi la mtu aliyemwona baba yake mara ya mwisho linachimbwa umbali wa dakika kumi, na kwamba kurudi bila kutupa udongo ni kujipunja mwenyewe. Mgeni alifikiri, akanyanyuka.

Jioni kabla jua halijazama, Mama na Karani walikaa mezani na nakala themanini, rula na kalamu mbili nyeusi. Walifuta aya ile ya vita mstari kwa mstari. Walipofika nakala ya hamsini Bibi aliingia, akaketi, akachukua nakala kadhaa akawasaidia, japo mistari yake ilipinda.

"Kwa hiyo nami sitajua," Bibi alisema.

Mama alimsogezea rula.

Siku ya mazishi Mjomba alisoma wasifu: shule, madaraja, ndoa, watoto watano na nywele zao zilizosukwa kwa mistari iliyonyooka. Watu walicheka hapo, wengine wakalia. Alipofika kwenye aya iliyofutwa alinyamaza, akampisha Karani.

"Miaka ya vita," alisema. "Babu alinisimulia yote kwa alasiri kumi na tisa, ili niiandike. Nilimwambia nimeandika. Sikuandika. Hakuna mwingine anayejua."

Manung'uniko yalipita kwenye viti. Mzee mmoja alitikisa kichwa. Mgeni, aliyekaa mstari wa mbele karibu na Bibi, hakuinua uso, lakini walipoitwa watu kutupa udongo alikwenda, akatupa kwa mkono wa kushoto.

Waliporudi nyumbani viti vilikuwa vimekwisha rudishwa. Karani alisimama mlangoni pa chumba cha mbele, akitazama kiti. Mama alikuja na ufagio, akauegemeza ukutani.

"Mama, nimetubu. Kwa nini moyo haujapoa?"

"Kwa sababu uliyoyapoteza hayajarudi, wala hayatarudi. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Umekwisha ona uongo wa kumfariji mtu unafika wapi. Ulichofanya jana kilikuwa sahihi na nilikuonea fahari, lakini kusema kweli hakufufui mtu. Kunazuia tu usimzike mara ya pili."

Karani alilia. Mama alimwacha alie, kisha akamshika bega.

"Sasa sikiliza, hili ulibebe. Kosa lako halikuwa mchezo. Kila mtoto anacheza, kila mtu anachoka. Kosa ni pale mzee alipouliza, 'Umeandika?' Ungemjibu 'bado.' Neno fupi hivyo. Angekuvuta sikio kidogo, angekuhesabia dakika zako, halafu angerudia. Angerudia yote, Karani. Hakuwa na haraka. Alikuwa na alasiri nzima."