Kabula ni Mtu wa Odeta

Dada yangu Odeta alikuwa anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Dagaa wake hawakuwa na mchanga, kwa sababu aliwaanika juu ya nyavu, siyo chini. Wateja walimjua kwa hilo. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kwa hiyo meza ya Odeta ndiyo iliyotulisha nyumba nzima.

Jumapili mchana Odeta alikwenda kwa Seif, fundi cherehani. Huko yeye na vijana wenzake walikuwa wanaandika hadithi moja kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Mtu wa Antoni alikuwa Obedi, dereva wa lori. Mtu wa Odeta alikuwa Kabula, muuza dagaa. Waliandika kwa zamu, ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa ukiisha, waliutundika kwa kibanio kwenye kamba, pale Seif alipotundika nguo zilizokwisha kushonwa. Wateja waliokuwa wanasubiri suruali zao walisoma. Wengine walirudi bila nguo ya kushonesha, wajue tu Kabula kafanya nini.

Kwenye kurasa hapakuwa na jina la aliyeandika. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Siku moja Antoni aliona hadithi imepoa. Akaandika kwamba Kabula ameambukizwa ukimwi na mwanamume wa Sengerema, amekonda, na anaficha. Hakumwuliza Odeta. Akatundika, akaenda zake.

Wiki ile Odeta alirudi nyumbani na karai limejaa dagaa.

"Mama Bernadeta kanipita," akamwambia mama. "Kanunua kwa jirani yangu, dagaa wenye mchanga. Nilipomwita akasema, 'Kapumzike mwanangu, tumesoma.'"

"Wamesoma nini?" mama akauliza.

Odeta alitua karai, akageukia mlango. Tulikwenda naye kwa Seif jioni ileile. Aliusoma ukurasa wote amesimama. Hakulia. Alichukua kalamu, akaandika kwamba Obedi alilewa, akaangusha lori Usagara, akafa, na mazishi yake hayakuwa na watu. Akautundika juu ya ule wa Antoni.

Antoni alifika, akasoma.

"Umeniulia mtu," alisema.

"Wewe umeniulia meza."

"Hii ni hadithi tu, Odeta."

"Nenda kamwambie Mama Bernadeta kwamba ni hadithi tu."

"Sasa nani alikutuma umfanye muuza dagaa? Ungemfanya malkia."

Odeta alinyoosha mkono achukue mkasi, akate kamba. Seif aliuwahi.

"Mkasi wangu ni wa nguo," alisema. "Ama mtengeneze mambo yenu, ama mwondoe karatasi zenu nitundike kaptula."

Bi Mwaija, jirani yetu, alikuwa amekaa pale akisubiri gauni lake. Zamani aliongoza kikundi cha maigizo cha wafanyakazi, mpaka kiwanda chao kilipouzwa.

"Shikamoo, Bi Mwaija," Antoni alisema, kama mtu anayetafuta wakili.

"Marahaba. Usinisogelee, sikutetei." Akakunja mikono. "Kwetu pia kila mmoja alikuwa na mtu wake. Ukitaka kumpiga mtu wa mwenzako, unamsukuma, basi. Aanguke au akurudishie, hilo analisema mwenye mtu. Lakini kumwua, kumwoza, au kumtia ugonjwa, unamwuliza mwenyewe kwanza."

"Na akikataa?"

"Amekataa. Tafuta jambo lingine. Mwanza yote hii umekosa la kuandika?"

Kisha akamgeukia Odeta.

"Na wewe. Hasira yako ni ya Antoni, ungemwambia Antoni. Umeimalizia kwa Obedi. Leo kafa Obedi, kesho watakufa wote, kamba ibaki tupu. Ugomvi wenu usemeni nje ya hadithi. Nani husoma ukurasa kabla haujatundikwa?"

Tukatazamana.

"Hakuna. Ndiyo maana." Sauti yake ikapanda kidogo. "Na kuna jambo linanichoma zaidi. Hata Odeta angekuwa anaumwa kweli, dagaa wake wana kosa gani? Ukimwi hauambukizwi kwa dagaa, wala kwa kupokea chenji, wala kwa kushikana mikono. Aibu ni ya wanaomkimbia."

Odeta alishusha mwenyewe ukurasa wa mazishi ya Obedi, kwa sababu mwenye Obedi hakuulizwa.

Walimchagua mwenzao Paskazia awe anasoma kila ukurasa kabla haujatundikwa. Akikuta mtu wa hadithi ameamuliwa jambo na asiye mwenye mtu huyo, anaurudisha. Kwenye mwanzo wa kamba walitundika boksi lililokatwa. Liliandikwa kwamba watu hawa ni wa kutungwa, na nani anamwandika nani. Kila ukurasa sasa ulikuwa na jina la mwandishi.

Asubuhi iliyofuata Antoni alisimama Mwaloni mbele ya wateja.

"Yale ya Kabula niliyatunga mimi," alisema. "Odeta sikumwuliza."

"Sasa sisi tungejuaje?" Mama Bernadeta akasema.

"Mngeniuliza," Odeta akamjibu. Hakutabasamu.

Jioni, kwa Seif, Antoni alitaka kuushusha ukurasa wake. Odeta akamzuia.

"Uache. Ugonjwa wa Kabula sasa ni wangu. Nitauandika mimi."

Akauandika. Kabula anaumwa, na anabeba karai lake kila asubuhi. Anauza dagaa safi. Wanaompita anawaita, anawauliza mbele za watu wanaogopa nini. Paskazia aliusoma, akaupitisha bila kugusa neno. Mama Bernadeta alikuja kufuata kitenge chake, akausoma mpaka mwisho, akarudi juu akausoma tena. Kesho yake alisogeza kopo lake kwenye meza ya Odeta. Odeta alimpimia sawasawa, bila nyongeza.

Jumamosi meza ilikuwa na watu. Antoni alipita.

"Odeta, Obedi anaweza kwenda kununua dagaa kwa Kabula?"

"Unaniuliza?"

"Nauliza."

Odeta aliendelea kupima.

"Aje. Lakini apange foleni kama wengine."